Ngitili: Mpango wa Ardhi Uliomtangulia Mpimaji

Kwa Wasukuma wa Shinyanga, mwaka wa mfugaji ulikuwa na mpango wake wa matumizi ya ardhi. Mvua zilipoanza, kwenye Novemba hivi, kipande cha malisho kilifungwa ili nyasi na miti ipumue. Kiangazi kilipokaza, kilifunguliwa, wakaanza kuingia ndama, ng'ombe wakongwe na maksai wa kulimia. Hiyo ndiyo ngitili. Kulikuwa na za familia na za kijiji kizima, mipaka yake ikijulikana na wote bila bikoni hata moja. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi, na kutozwa faini.

Wapangaji wengine walikuja baadaye. Miaka ya 1920, Charles Swynnerton, Mwingereza aliyeifanya Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o, alishirikiana na watemi kuwaita maelfu ya watu wafyeke pori. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na mashamba ya pamba yakafuata. Ilikuwa kazi yenye manufaa, lakini ilizoesha watawala kuuona mti wa Shinyanga kama adui.

Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Ukajengwa mji wa mgodi wenye nyumba, shule, hospitali na kiwanja cha ndege, vyote ndani ya uzio. Kila kitu kilipangwa, ila kwa mahitaji ya mwajiri mmoja.

Pigo kubwa zaidi kwa ngitili lilikuja na operesheni ya kuhamia vijijini miaka ya 1974 na 1975. Nyumba zilisogezwa zikapangwa pamoja, na familia nyingi zikaacha nyuma ngitili walizozitunza. Ardhi ambayo jana ilikuwa na mwenyewe leo ikawa ya yeyote. Walikuja wakata kuni, wachoma mkaa na mifugo ya kila upande. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Ilianza kama miradi mingi ya misitu inavyoanza, kwa vitalu na miche ya miti ya kigeni. Kilichouokoa mradi ni wataalamu wake kukubali kuwauliza wenyeji, na wenyeji wakataja ngitili. Dagashida zikapewa nafasi, sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda, na migunga ikachipua kutoka kwenye mizizi iliyokuwa bado hai ardhini, bila kupandwa. Wakati HASHI inaanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofika ukingoni mwaka 2004, zilipita hekta 300,000 katika vijiji 833 vya mkoa wa wakati ule, uliojumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu. Sina habari ya mpango mwingine wa ardhi nchini uliozaa matunda makubwa hivyo kwa gharama ndogo ya michoro.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliruhusu vijiji kutoa hati za hakimiliki za kimila, na ngitili ikapata mahali pa kusimama kisheria. Lakini upande wa magharibi mambo yalikuwa yanakimbia. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka uliofuata, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Dhahabu huvuta watu kabla ya mpima ardhi kufika: kibanda huzaa duka, duka huzaa mtaa, na barabara hutafutwa baadaye kati ya kuta zilizokwishajengwa. Mgodi wa Buzwagi, karibu na Kahama, ulifunguliwa 2009 na kumaliza uchimbaji 2021. Eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Uhai wa mgodi ulikuwa miaka kumi na miwili tu.

Msanifu majengo au mpangaji anayeitwa leo kuchora mtaa mpya Kahama, Katoro au Geita ana Sheria ya Mipango Miji ya 2007 mezani. Akishaisoma, aende kwa wazee wa kijiji kabla ya kushika kalamu. Awaombe wamwonyeshe ngitili zilipo, maji yanapopita na njia ya mifugo, kisha avichore kwanza, viwanja vifuate.