Maganda ya Mayai ya Mbuni na Protini za Laetoli

Mlima Oldeani, unaosimama kwenye ukingo wa kusini-magharibi wa nyanda za juu za Ngorongoro na kuteremka upande wa kusini kuelekea Ziwa Eyasi, umezungukwa na ardhi ambayo kwa karibu karne moja imechimbwa na wataalamu wa habari za binadamu wa kale. Magharibi yake, ng'ambo ya milima ya Satiman na Lemagrut, iko Laetoli. Chini yake, kando ya Eyasi, liko pango la mwamba la Mumba. Na kaskazini-magharibi, kwenye tambarare, liko bonde la Oldupai. Historia ya maeneo haya huandikwa kwa desturi kama historia ya mifupa, meno na nyayo. Maganda ya mayai ya mbuni, yanayookotwa humo tangu mwanzo wa uchimbaji, yamepewa nafasi ndogo mno katika masimulizi hayo, ingawa ni katika maganda ya Laetoli, yenye umri wa miaka milioni 3.8, ndipo vilipotambuliwa vipande vya protini vilivyovuka umri wote uliodhaniwa kuwa mwisho wa uhai wa protini katika nchi za joto.

Protini ni mnyororo wa molekuli ndogo ziitwazo asidi amino, ambazo zinapoungana kila moja hupoteza sehemu ya atomu zake kwa njia ya maji, na kile kinachosalia ndani ya mnyororo huitwa baki la asidi amino. Mnyororo huo haukai umenyooka kama uzi wa shanga uliovutwa pande mbili, bali hujikunja na kujiviringisha hata baki la mwanzoni likajikuta jirani na baki la mwishoni. Wataalamu husema mabaki mawili yamegusana pale atomu zao zilizochaguliwa kwa kipimo hicho zinapokuwa karibu kuliko mpaka uliowekwa, ambao mara nyingi ni angstromu 8, angstromu moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Orodha ya migusano hiyo yote hutosha karibu kueleza umbo zima la protini, na hueleza pia jinsi protini inavyoshikamana na kitu kingine kilicho nje yake, kiwe protini nyingine, dawa au jiwe.

Wachimbaji wa kwanza hawakuwa na njia yoyote ya kuuliza maswali ya namna hiyo. Louis na Mary Leakey walifika Laetoli mwaka 1935, wakaokota visukuku vichache, na miongoni mwake lilikuwamo jino la chonge lililopelekwa London na kudhaniwa kuwa la nyani kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kutambuliwa kuwa la mmoja wa wahenga wa binadamu. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya kazi kando ya Eyasi katika miaka hiyohiyo ya 1930, wakati walowezi wa Kijerumani walipokuwa wakipanda kahawa kwenye miteremko ya Oldeani. Pango la Mumba lilichimbwa katika msafara wake, na mwaka 1939 kilipatikana kipande cha taya la juu huko Garusi, katika eneo lilelile la Laetoli. Sehemu kubwa ya mkusanyo huo ilikwenda Tübingen, na utengano huo wa vitu na nchi vilikotoka umeendelea kuitesa elimu ya eneo hili hadi leo.

Elimu ya maumbo ya protini ilikuwa ikikua mbali sana na hapo. Mwaka 1958, huko Cambridge, John Kendrew na wenzake walionyesha kwa mara ya kwanza umbo la protini moja, mayoglobini, kwa kupitisha eksirei katika fuwele zake, na mwaka uliofuata Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus pale Oldupai. Kazi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote wakati huo. Uhusiano ulianza kuonekana mwaka 1973, pale Jeffrey Bada na mwenzake walipopendekeza kukadiria umri wa mifupa ya kale, ikiwemo ya Oldupai, kwa kutumia asidi aspatiki. Asidi amino za viumbe hai karibu zote zina umbo la upande mmoja, linaloitwa la kushoto, na baada ya kifo hugeuka polepole kuwa mchanganyiko wa kushoto na kulia. Asidi aspatiki hugeuka haraka kuliko nyingi za wenzake, na kwa hiyo ilionekana kufaa kuwa saa. Saa hiyo ilikuja kutiliwa shaka kubwa, kwa sababu mfupa una vinyweleo vinavyopitisha maji na uchafu, na kasi ya mgeuko hutegemea sana joto.

Ganda la yai la mbuni ni kitu cha namna nyingine kabisa. Lina unene wa karibu milimita 2, na kwa sehemu kubwa kabisa ni kalisaiti, yaani madini ya kalsiamu ambayo fuwele zake hukua zikifunika protini zilizosaidia kuzijenga. Protini iliyofungiwa ndani ya fuwele haioshwi na mvua wala haifikiwi kwa urahisi na bakteria, na mtaalamu anaweza kulisaga ganda, kulilowesha kwa muda mrefu katika dawa kali ya kupaushia ili kuondoa kila kilicho nje ya fuwele, kisha akachunguza kile tu kilichobaki ndani. Laetoli ina maganda hayo kwa wingi. Terry Harrison, aliyeongoza uchunguzi mpya wa eneo hilo kuanzia mwaka 1998, na Mtanzania Charles Msuya waliyachambua mwaka 2005 na kuonyesha kuwa katika tabaka za zamani zaidi aliishi mbuni wa spishi tofauti, Struthio kakesiensis, aliyepewa jina la Kakesio, kijiji cha Ngorongoro, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na mbuni wa kawaida. Ushahidi wao ulikuwa unene wa ganda na mpangilio wa vinyweleo vyake.

Protini kuu mbili za ganda la mbuni, strutiokalsini-1 na strutiokalsini-2, zilielezwa mwaka 2004, na umbo la ile ya kwanza likatolewa kwa eksirei mwaka 2015. Bila umbo hilo kazi iliyofuata isingewezekana. Mwaka 2016 Beatrice Demarchi na wenzake walitangaza kwamba vipande vya protini hizo vimo katika maganda ya Oldupai yenye miaka milioni 1.3 na katika yale ya Laetoli. Dai la namna hii hustahili kushukiwa, kwa sababu historia ya protini za kale imejaa uchafu wa maabara uliodhaniwa kuwa kale yenyewe, na nguvu ya kazi yao imo katika jinsi walivyojilinda: walifuata kuoza kwa protini hatua kwa hatua kutoka maganda ya mbuni wa leo hadi ya kale zaidi, na mpangilio wa kuoza ukaendelea kwa utaratibu mmoja hadi mwisho.

Ndipo likaja swali la kwa nini kibaki kipande hiki na si kingine, nalo likajibiwa kwa kuchambua migusano. Umbo la strutiokalsini liliwekwa ndani ya kompyuta juu ya uso wa kalisaiti, pamoja na maji, na mwendo wa atomu zake ukakokotolewa ili kujua ni sehemu zipi za mnyororo hulishika jiwe na kwa nguvu kiasi gani. Sehemu iliyoonekana kushika kwa nguvu kuliko zote ndiyo ileile iliyopatikana Laetoli. Ni sehemu yenye asidi aspatiki zinazofuatana, ambazo zina chaji hasi na huvutwa na kalsiamu yenye chaji chanya. Baki lile ambalo miaka ya 1970 lilitafutwa kwa sababu hubadilika upesi ndilo lililokishikilia kipande cha protini mahali pake kwa muda ambao, ukigeuzwa kuwa joto lisilobadilika la nyuzi 10 za Selsiasi, ni sawa na takriban miaka milioni 16. DNA ya kale kuliko zote inayojulikana, ile ya Greenland iliyotangazwa mwaka 2022, ina umri wa takriban miaka milioni 2 tu, nayo ilihifadhiwa na barafu.

Njia iliyofunguliwa imeendelea kaskazini katika Bonde la Ufa, na mwaka 2025 zilitangazwa protini kutoka katika meno ya visukuku vya Turkana, Kenya, baadhi yakiwa na umri wa miaka milioni 18. Kwa Laetoli yenyewe, hata hivyo, ukarimu wa jiwe una mipaka. Mgusano huhifadhi sehemu ile tu inayolishika ganda, na sehemu yenye kazi muhimu namna hiyo hubadilika kidogo sana kutoka ndege mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kipande kifupi kilichodumu hakitoshi kueleza nasaba. Swali la jinsi mbuni wa Kakesio alivyohusiana na mbuni wanaotembea leo kwenye tambarare za Ndutu bado linategemea vinyweleo na unene wa ganda, kama Harrison na Msuya walivyoviona mwaka 2005.