Wema Watoka Wapi? Swali la Wagiriki wa Kale na Majibu Yake

Neno la Kigiriki arete, ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa wema au fadhila, hapo awali lilimaanisha ubora wa kitu chochote katika kuitimiza kazi yake, hata Wagiriki wa kale waliweza kutaja arete ya farasi mwenye mbio au ya jicho lionalo vizuri. Na lilipotumika kwa binadamu, lilikusanya sifa zote zinazomfanya awe mtu kamili. Juu ya neno hilo lilijengwa swali ambalo Plato aliliweka mwanzoni mwa Meno, kitabu chake kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo: je, mtu huwa mwema kwa kufundishwa, kwa mazoezi, au kwa maumbile aliyozaliwa nayo? Majibu ya swali hilo yanaonyesha jinsi fikra za Wagiriki zilivyobadilika, hatua kwa hatua, kuhusu asili ya binadamu na mahali ilipo heri yake.

Katika Iliad na Odyssey, tenzi zinazonasibishwa na Homer, arete ilikuwa zaidi sifa ya waungwana, yaani nguvu na ushujaa vitani, ufasaha barazani na heshima ya nasaba, mambo ambayo mtu wa kawaida hakutarajiwa kuwa nayo. Mtazamo huo ulitikiswa katika karne ya 5 KK, wakati demokrasia ya Athens ilipowapa raia wanaume haki ya kusema katika mkutano wa mji na kuamua kesi mahakamani, kwa kuwa ufasaha sasa ulimfungulia mtu njia ya uongozi hata kama hakutoka katika ukoo mkubwa. Hapo ndipo walipopata umaarufu masofisti, walimu waliosafiri mji hadi mji wakifundisha kwa malipo, na miongoni mwao Protagoras wa Abdera aliahidi kuwafundisha vijana jinsi ya kuendesha vizuri mambo ya nyumbani na ya mji.

Mwanafalsafa Socrates, ambaye hakutoza ada, alikubaliana na masofisti kwamba nasaba haitoshi, lakini alitilia shaka bidhaa waliyoiuza. Kwake wema ni aina ya ujuzi, na hakuna atendaye uovu kwa kupenda hali akijua kwamba uovu huo unamdhuru yeye mwenyewe. Hata hivyo, katika Meno anauliza walimu wa ujuzi huo wako wapi, akitoa mfano wa Themistocles, kiongozi aliyewashindia Wagiriki vita vya baharini vya Salamis mwaka 480 KK, ambaye alimfunza mwanawe Cleophantus kupanda farasi hadi akaweza kusimama wima juu ya mnyama huyo na kurusha mikuki, lakini hakuna aliyewahi kumsifu kijana huyo kwa busara ya babaye. Mwanasiasa Anytus, anayeshiriki katika mazungumzo hayo na kukasirishwa nayo, ndiye baadaye aliyekuwa mmoja wa washtaki watatu wa Socrates, na mwaka 399 KK mahakama ya Athens ilimhukumu mwanafalsafa huyo kifo kwa shtaka la kutoitambua miungu ya mji na la kuwaharibu vijana.

Plato, mwanafunzi wake, alitambua kwamba kujua peke yake hakumtoshi mtu anayevutwa na tamaa. Katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri aliigawa nafsi katika sehemu tatu, ambazo ni akili, ghadhabu na tamaa, akieleza kwamba hekima ni wema wa akili inayotawala, ushujaa ni wema wa ghadhabu inayoitii akili, kiasi ni maelewano ya sehemu zote kuhusu nani atawale, na haki ni kila sehemu kufanya kazi yake bila kuingilia ya nyingine. Kwa hiyo, mtu dhalimu hawezi kuwa na heri hata akitajirika, kwa sababu ndani yake mna vita.

Jibu lenye mizizi zaidi katika maisha ya kila siku lilitoka kwa Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 KK, akaishi miaka 20 katika Akademia ya Plato, na hatimaye akafungua shule yake, Lykeion, mwaka 335 KK. Lengo la maisha aliliita eudaimonia, neno ambalo halimaanishi furaha ya saa moja bali heri ya mtu ambaye maisha yake yote yamekwenda vizuri. Na kwa kuwa kazi inayompambanua binadamu na viumbe wengine ni kutumia akili, heri yake imo katika kuitenda kazi hiyo kwa ubora. Wema wa tabia, alieleza, hauji kwa maumbile, kwa kuwa jiwe ambalo kwa asili huanguka chini haliwezi kuzoezwa kupanda juu hata likirushwa mara elfu kumi. Lakini pia hauko kinyume cha maumbile, kwani binadamu ameumbwa na uwezo wa kuupokea na huukamilisha kwa mazoea. Kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga, ndivyo mtu anavyokuwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu tena na tena, na ndiyo maana Aristotle aliyapa malezi ya utotoni uzito uleule ambao Waswahili wameyapa katika methali ya samaki mkunje angali mbichi.

Tabia inayojengwa hivyo hushika njia ya kati baina ya kuzidi na kupungukiwa, jinsi ushujaa unavyokaa kati ya woga na ujasiri wa kijinga, na ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Njia hiyo haipimwi kwa hesabu, kwa sababu chakula kisichomtosha Milo, mpiga mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Huamuliwa na busara ya kutenda, ambayo Wagiriki waliiita phronesis, inayomwezesha mtu kutambua la kufanya kwa wakati wake na kwa watu wanaohusika.

Hata hivyo, Aristotle aliufunga mlango ambao hoja yake mwenyewe ilikuwa imeufungua, kwani katika kitabu chake kiitwacho Siasa alidai kwamba baadhi ya watu ni watumwa kwa maumbile na kwamba uamuzi wa mwanamke hauna mamlaka. Kosa hilo ni kubwa, na ushahidi wa kulipinga ulikuwa tayari umo katika Meno, ambamo mtoto mtumwa asiyewahi kufundishwa jiometria anaulizwa maswali hadi anatambua jinsi ya kupata mraba wenye eneo maradufu la mraba wa kwanza. Baada ya Aristotle, mwanafalsafa Epicurus aliwapokea wanawake na watumwa katika shule yake ya bustanini huko Athens, nao Wastoiki, wafuasi wa Zeno wa Citium, walifundisha kwamba akili ni ya binadamu wote na kwamba wema peke yake watosha kuleta heri. Karne kadhaa baadaye mmoja wa walimu wao wakubwa alikuwa Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, ambaye mafundisho yake yalisomwa na Marcus Aurelius, mtawala wa Dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 BK.

Kitabu cha Aristotle kiitwacho Maadili kilitafsiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 9, kikawafikia wanafikra kama al-Farabi na Miskawayh, walioandika juu ya fadhila, saada na tabia, maneno ambayo Kiswahili nacho kimeyapokea kutoka lugha hiyo, pamoja na falsafa, ambalo asili yake ni Kigiriki. Kiarabu hulitumia neno tabia zaidi kwa maumbile, ilhali Mswahili akisema kwamba mtu ana tabia njema husifu mwenendo wake uliozoeleka, na umbali huo kati ya maana mbili za neno moja ndio Aristotle aliotaka mtoto asaidiwe kuuvuka. Kwa sababu hiyo hakukimaliza kitabu chake kwa kumsihi msomaji awe mwema, bali kwa kueleza kwamba maneno matupu hayawabadilishi wengi, na kwamba pasipo malezi na sheria zinazowazoeza watu kutenda haki tangu utotoni, hata hoja iliyo bora haitapata moyo wa kuisikiliza.