Galaktosemia katika wodi ya watoto wachanga: hoja ya kuanza na wagonjwa

Galaktosemia huhesabiwa miongoni mwa magonjwa adimu ya kurithi, na kwa sababu hiyo mijadala ya afya ya watoto Afrika Mashariki huipita kimya. Makala haya yanapinga ukimya huo, ingawa hayadai kwamba kila mtoto anayezaliwa Kenya au Tanzania apimwe. Dai lake ni finyu zaidi: mtoto mchanga anayelazwa kwa manjano pamoja na dalili za ini kushindwa kazi, au kwa maambukizi ya damu yasiyoelezeka, achunguzwe ugonjwa huu siku ileile, na maziwa yote yasimamishwe mpaka majibu yatoke.

Sukari ya maziwa, laktosi, hukatwa utumbuni kuwa sukari mbili: glukosi na galaktosi. Galaktosi haiwezi kutumika mpaka ibadilishwe, hasa katika ini, kwa hatua alizozifafanua Luis Leloir, mwanasayansi wa Argentina aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970. Mwaka 1956 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wanakosa kimeng'enya kimoja cha njia hiyo, GALT. Mtoto aliyerithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili huzaliwa mzima, hunyonya vizuri, kisha katika siku chache huanza kutapika, hukataa ziwa, macho huwa ya manjano, ini huvimba na damu hushindwa kuganda. Wengine hupata mtoto wa jicho mapema mno. Wengi hushambuliwa na bakteria aina ya Escherichia coli katika damu, na maziwa yasipoondolewa haraka kifo hufuata. Cheti kikieleza kwamba mtoto alikufa kwa maambukizi ya damu, hakijasema uongo. Kimeishia njiani tu. Hali hii ni tofauti kabisa na ile ya watu wazima wengi wanaojaa gesi na kuhara baada ya kunywa maziwa. Hao wana upungufu wa laktase ya utumboni, jambo la kawaida la kimaumbile ambalo haliui.

Pingamizi la kwanza ni la uadimu. Katika jamii zenye asili ya Ulaya hukadiriwa mgonjwa 1 kwa kila watoto 40,000 hadi 60,000, na mtu anaweza kuuliza kwa nini wodi iliyoelemewa na watoto njiti na waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa ihangaike na tatizo hilo. Lakini wastani wa namna hiyo huficha mengi. Nchini Ireland, ambako watoto hupimwa tangu mwaka 1972, jamii ya wahamahamaji wa asili ya nchi hiyo ina mgonjwa takriban 1 kwa kila watoto 480. Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba badiliko moja la jeni, S135L, ndilo linalotawala miongoni mwa wagonjwa Weusi, na ukakadiria mgonjwa 1 kwa kila watoto 14,400. Takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Mwanza au Mombasa bila ushahidi wa huko, na sitafanya hivyo. Inatosha kuvunja dhana kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kutukumbusha kwamba mahali pasipopimwa hapana haki ya kudai kuwa hapana wagonjwa.

Kwa nini basi tusipime wote? Kipimo alichobuni Ernest Beutler katika miaka ya 1960, ambacho hutazama mng'ao wa tone la damu, hutegemea kimeng'enya kingine, G6PD. Katika pwani yetu na maeneo mengine yenye historia ya malaria, upungufu wa G6PD ni wa kawaida, na mtoto mwenye upungufu huo anaweza kuonekana ana galaktosemia ilhali hana. Joto na unyevu navyo huharibu GALT katika damu iliyokaushwa kwenye karatasi. Mpango wa kitaifa ungeweza kuwatia hofu akina mama wengi bila sababu. Kwa mtoto ambaye tayari ni mgonjwa mizani ni nyingine. Mkojo wake ukichemshwa na mmumunyo wa Benedict, uleule wa maabara za sekondari, na rangi ikageuka huku kijiti cha kupimia glukosi kikisema hakuna kitu, kuna sukari nyingine pale na shaka ni ya haki. Kipimo hiki kina udhaifu: mtoto aliyekaa kwa dripu bila kunyonya anaweza kutoa mkojo safi, na ini lililougua kwa sababu nyingine laweza kupitisha galaktosi. Vilevile damu ya kupima GALT lazima itolewe kabla mtoto hajaongezewa damu, kwani seli za mtoaji huleta kimeng'enya chake. Hayo ni mambo ya utaratibu wa wodi, nayo hufundishika.

Pingamizi zito zaidi linatoka Uingereza, ambako watoto hawapimwi wote kwa ugonjwa huu. Hata waliogunduliwa mapema huweza kukua na matatizo ya usemi na ya kujifunza, na wanawake wengi hupoteza mapema uwezo wa ovari, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza galaktosi kila siku. Ni kweli, lakini matokeo hayo yamechunguzwa zaidi kwa wenye badiliko la Q188R, lililoenea Ulaya. Wenye S135L hubakiwa na sehemu ndogo ya kimeng'enya katika ini, na wakitibiwa mapema wengi hukua vizuri. Kwa hiyo, pale S135L ilipo, faida ya kuwahi ni kubwa kuliko huko ilikotiliwa shaka.

Wapo watakaohofia kunyonyesha, na hofu yao naiheshimu: maziwa ya mama huokoa maisha ya watoto wengi mno kuruhusu ujumbe wake utiwe doa. Ndiyo maana agizo hili ni la daktari na muuguzi, kwa mtoto aliyelazwa, kwa siku chache, huku mama akisaidiwa kukamua ili maziwa yasikauke. Majibu yakiwa safi, mtoto anarudi ziwani. Yakithibitisha ugonjwa, anahitaji maziwa ya kopo ya soya. Ya mbuzi au ngamia hayafai, wala yale ya dukani yaliyoondolewa laktosi, kwani galaktosi imebaki humo. Kopo hizo ni ghali, na hospitali inayopima bila mpango wa kuzipata itakuwa imeiachia familia jina la ugonjwa tu. Baada ya mwaka wa kwanza mzigo hupungua: ugali, samaki, maharage, mboga na matunda vyote vinaruhusiwa na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017. Kwa jamii za wafugaji, ambazo chakula cha mtoto ni maziwa asubuhi na jioni, mzigo haupungui, na msaada wa lishe hauna budi kuanzia huko.