Mali ya Nchi na Sura ya Nchi: Sehemu Nne za Marekani

Somo letu la leo ni la historia, lakini tutahitaji ramani. Ikiwa darasa lenu lina ramani ya dunia, itundikeni ukutani. Ikiwa hamna, basi mmoja wenu achore ubaoni umbo kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa. Mkono wa kulia andikeni Bahari ya Atlantiki, mkono wa kushoto Bahari ya Pasifiki, juu Kanada, chini Meksiko. Hapo katikati ndipo ilipo nchi ya Marekani.

Swali letu ni hili: katika nchi hiyo, ni sehemu gani iliyo na maana zaidi kwa uchumi, na ni sehemu gani yenye sura za nchi za namna nyingi zaidi? Tena, je, mambo hayo mawili hukaa pamoja? Watu wengi hudhani kwamba utajiri umelala ardhini tangu mwanzo, ukimngojea mwenye bahati. Tutazame kama historia yakubali maneno hayo.

Marekani ina majimbo 50. Serikali yao, inapohesabu watu, huyagawa majimbo hayo katika sehemu nne. Kaskazini-Mashariki ina majimbo 9, Kati-Magharibi 12, Kusini 16 pamoja na mji mkuu wa Washington, na Magharibi 13. Andikeni hesabu hiyo madaftarini, mkajumlishe wenyewe.

1. Kaskazini-Mashariki: nchi ya mawe

Sehemu hii ni ndogo kuliko zote. Ina vilima, misitu na milima ya Appalachia, na huko ndiko yaliko maporomoko makubwa ya Niagara. Lakini udongo wake mahali pengi ni haba na umejaa mawe. Wakulima wa zamani wa huko, kila walipolima, walikusanya mawe na kujengea kuta za mipaka ya mashamba, na kuta nyingine zasimama mpaka leo. Baridi nayo ni ndefu. Mtu akitazama ardhi tu, angesema hapa hapana mali.

Hata hivyo palikuwa na vitu viwili: bandari nzuri kama Boston na New York, na mito yenye kasi. Mnamo mwaka 1790, Samuel Slater, fundi aliyetoka Uingereza akiwa na ujuzi wa mashine kichwani mwake, aliendesha mashine za kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu za maji huko Pawtucket, katika jimbo la Rhode Island. Kuanzia miaka ya 1820, mji mzima wa viwanda vya nguo ulijengwa kando ya mto Merrimack, nao ukaitwa Lowell. Wafanyakazi wengi wa kwanza walikuwa wasichana waliotoka katika mashamba yale yale ya mawe.

Kisha ukachimbwa mfereji. Kazi ilianza mwaka 1817 ikamalizika mwaka 1825. Mfereji wa Erie ulikuwa na urefu wa maili 363, nao uliunganisha mto Hudson na Ziwa Erie. Uchimbaji mwingi ulifanywa kwa sururu, kwa koleo na kwa wanyama. Kabla yake, kuchukua tani moja ya mizigo kutoka Buffalo mpaka New York kuligharimu kama dola 100. Baada yake, gharama ilishuka mpaka kama dola 10. Tangu hapo New York ukawa mlango wa nchi nzima. Bandari iliwekwa na maumbile, lakini mlango ulifunguliwa na koleo.

2. Kusini: pamba na jasho la mtumwa

Sasa shukeni kusini kwenye ramani yenu. Hapa kuna joto, mvua ya kutosha, nyanda za pwani, vinamasi, na mto mkubwa Mississippi. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba, iliyotenga mbegu na nyuzi kwa haraka. Mngetazamia kwamba mashine ingempunguzia mtumwa kazi. Ikawa kinyume chake. Kwa kuwa pamba ilichambuliwa upesi, wenye mashamba walitaka kulima zaidi, na watu zaidi wa kulima. Mwaka 1790 watumwa nchini Marekani walikuwa kama 700,000. Mwaka 1860 walikaribia 4,000,000.

Ardhi nayo ilichukuliwa kwa watu. Mwaka 1830 sheria ilitungwa ya kuwahamisha wenyeji wa asili wa Kusini na kuwapeleka ng'ambo ya Mississippi. Watu wa kabila la Cherokee walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1838 na 1839, na maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na baridi.

Mwaka 1860, zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zilizouzwa nje na Marekani ilikuwa pamba. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angesema Kusini ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote. Lakini ulizeni: mali hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mabwana. Fedha nyingi zilinunulia ardhi na watumwa wengine, si viwanda wala shule. Katika majimbo kadhaa ya Kusini ilikuwa ni hatia mbele ya sheria kumfundisha mtumwa kusoma.

Ninyi mnaojifunza kusoma ukubwani, lisikilizeni vizuri jambo hili. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland. Bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi, lakini mume wake akamkataza, akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto yule alisikia maneno hayo akayashika. Akawa anawapa watoto maskini wa kizungu vipande vya mkate, nao wakimfundisha maneno barabarani. Mwaka 1838 alitoroka. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake, akawa mmoja wa wapinzani wakubwa wa utumwa. Mabwana walijua wanachokiogopa.

3. Nguo iliyofika kwetu

Hapa somo letu linagusa pwani yetu. Wazee walivaa kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, wakakiita marekani, na wengine amerikani. Jina hilo halikutoka hewani. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa hicho Unguja kwa merikebu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja.

Fuateni safari ya kitambaa hicho. Pamba ilichumwa na watumwa wa Kusini. Ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini-Mashariki. Ikasafirishwa Unguja, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Nguo nyingine zikapelekwa bara, kulipia pembe zilizobebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa mpaka pwani. Pembe nyingi zikaishia katika jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vipande vyeupe vya kubonyezea piano. Katika safari yote hiyo, waliobeba mzigo mzito kuliko wote ndio waliopata kidogo kuliko wote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani mwaka 1861 mpaka 1865, pamba ya Kusini ilizuiliwa, na marekani ikaadimika Unguja. Vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikachukua nafasi yake. Utumwa wa Marekani ulifutwa katika katiba mwaka 1865. Kusini, iliyokuwa ikijivuna kwa mali, ikabaki maskini kwa muda mrefu.

4. Kati-Magharibi: mbuga na maziwa

Sura ya sehemu hii ni rahisi kueleza: nchi tambarare, nyasi na udongo mweusi wenye rutuba, na juu yake maziwa makubwa. Msafiri anayetafuta milima atachoka kabla hajaiona. Lakini mahindi, soya, ngano na nguruwe hustawi vizuri mno. Sheria ya mwaka 1862 iliwapa walowezi eka 160 kila mmoja, mradi akae na kulima miaka mitano. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili kabla ya kunyang'anywa.

Tena maziwa yalikutanisha vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali: mawe ya chuma kutoka Minnesota na makaa ya mawe kutoka Pennsylvania. Vilipokutana, kukawa na chuma cha pua. Mwaka 1913 Henry Ford alianza karibu na Detroit kuunda motokaa kwa njia ya mstari unaokwenda, kila mfanyakazi akifunga kipande chake. Watu weusi wa Kusini, wakikimbia ubaguzi na umaskini, walihamia miji ya kaskazini na ya magharibi. Kati ya 1910 na 1970 walihama kama 6,000,000.

Lakini cheo cha uchumi si cha milele. Mwaka 1950 Detroit ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Viwanda vilipohama na kazi kupungua, watu nao walihama. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 640,000. Maziwa yapo pale pale, na mto upo pale pale.

Tena ardhi nzuri yaweza kuuawa. Katika nyanda kavu za Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na New Mexico, wakulima waling'oa nyasi zilizoshika udongo wakapanda ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, upepo uliuchukua udongo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifanya mchana kuwa giza. Watu wengi waliacha mashamba yao. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya kuhifadhi udongo, na wakulima wakafundishwa kulima kwa kufuata mzunguko wa mwinuko, kuweka matuta na kupanda miti ya kukinga upepo.

5. Magharibi: nchi ya kila sura

Kwa sura za nchi, Magharibi haina mshindani. Katika jimbo moja la California, mlima Whitney una futi 14,505, na maili zisizofika 100 kutoka hapo kuna Bonde la Mauti, lililo futi 282 chini ya usawa wa bahari. Jimbo hilo hilo lina majangwa, pwani za mawe, na miti inayozidi futi 300. Arizona ina Korongo Kuu, lililochimbwa na mto Colorado, lenye kina cha zaidi ya maili moja. Yellowstone ina chemchemi za maji ya moto, nayo mwaka 1872 ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo. Alaska ina barafu na Hawaii ina milima ya moto. Zote mbili zikawa majimbo mwaka 1959.

Je, uzuri huo ndio uliotajirisha Magharibi? Dhahabu iliyopatikana California mwaka 1848 ilivuta watu, lakini dhahabu huisha. Reli ya kuvuka bara ilikamilika mwaka 1869, na maelfu ya Wachina walipasua milima kwa ajili yake. Mwaka 1882 sheria ikafungia wafanyakazi wa Kichina mlango wa kuingia nchini. Hiyo ndiyo shukrani waliyopewa.

Shida kubwa ya Magharibi ni maji. Mwaka 1913 Los Angeles ulileta maji kwa mfereji kutoka bonde la mto Owens, zaidi ya maili 200, na ziwa la bonde lile likakauka. Mwaka 1922 yalifanywa mapatano ya majimbo saba kugawana maji ya mto Colorado. Walipima mto katika miaka ya mvua nyingi, kwa hiyo waligawana maji mengi kuliko yaliyopo. Wenyeji wa asili hawakuitwa kikaoni. Ugomvi wa maji hayo haujaisha hata leo.

Pamoja na shida hizo, leo California ndilo jimbo lenye uchumi mkubwa kuliko yote, na mazao yake ya shamba yana thamani kuliko ya jimbo lingine lolote, mengi yakimea kwa maji ya mifereji. Kusini nako kumeinuka tena, kwa mafuta ya Texas yaliyobubujika mwaka 1901, kwa viwanda, na kwa watu wanaohamia. Ndiko kwenye watu wengi zaidi sasa.

Jibu letu

Basi, kwa sura za nchi jibu ni moja: Magharibi. Kwa uchumi, jibu lategemea mwaka mnaouliza. Pamba iliipa Kusini sifa, viwanda vikaipa Kaskazini-Mashariki, motokaa zikaipa Kati-Magharibi, kisha Magharibi ikapanda. Ardhi haikuhama hata mara moja. Vilivyobadilika ni njia, ujuzi, sheria na kazi za watu. Wazee walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tuongeze swali: viliundwa na nani, na alilipwa nini?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mashine ya kuchambua pamba iliongeza utumwa badala ya kuupunguza?
2. Elezeni safari ya kitambaa cha marekani tangu shambani mpaka Unguja. Nani alipata faida?
3. Taja kosa lililofanywa katika kugawa maji ya mto Colorado.
4. Wakulima wa nyanda kavu walikosea nini? Katika kijiji chenu, nini kinachoushika udongo usichukuliwe?
5. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya Frederick Douglass, kwa mkono wake mwenyewe.