Lori la Marekani na ada yake ya kila mwaka

Siku hizi si ajabu kusikia hapa Mombasa kwamba mtoto wa fulani amenunua lori Marekani. Alianza kwa kuendesha la watu, akajinyima, akakopa (riba yake ni kadhia nyingine, leo siigusi), na palipopungua mamake na wajomba wakachanga kutoka huku. Kwa hivyo lori likizuiwa njiani kwa ajili ya karatasi, hasara inafika mpaka kwetu. Nimeulizwa mara kadha juu ya kitu kiitwacho UCR, na wengi walioniuliza ni wazee waliotakiwa kutuma pesa "za usajili" bila kuelezwa ni usajili gani.

UCR ni usajili wa pamoja wa wachukuzi. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 ukachukua nafasi ya mfumo wa zamani. Wazo lake ni rahisi: mfanyabiashara wa lori analipa mara moja kwa mwaka kupitia jimbo moja, na malipo hayo yanatambulika katika majimbo yote yaliyomo, ambayo ni 41. Pesa hugawiwa majimbo hayo kwa kazi ya usalama barabarani. Florida, Arizona, New Jersey na mengine machache hayamo, lakini hapo ndipo watu hujidanganya. Anayeishi Florida na kuvuka kwenda Georgia bado analipa, ila anapitia jimbo jingine lililomo.

Kinachosajiliwa ni biashara, si lori. Hilo ni geni kwetu, tuliozoea askari kutazama kibandiko cha bima kwenye kioo. Kwa UCR hakuna kibandiko wala karatasi ya lazima ndani ya gari. Askari wa barabarani au wa mizani anaingiza namba ya USDOT iliyoandikwa mlangoni, na mashine inamwambia kama ya mwaka huu imelipwa. Kusema "risiti nimeiacha nyumbani" hakusaidii wala hakudhuru.

Anayehusika ni mwenye gari la biashara lenye uzito wa pauni 10,001 na zaidi, yaani kiasi cha tani 4 na nusu, linalofanya kazi baina ya majimbo. Mabasi yanayobeba watu zaidi ya 10 pamoja na dereva yamo, na yenye shehena za hatari pia. Madalali wa mizigo na kampuni za kukodisha magari hulipa hata kama hawana lori hata moja.

Maneno "baina ya majimbo" yanataka uangalifu. Mkaazi wa Kilindini atalifahamu hili upesi: kontena lililoshuka melini likielekea kwa mwenyewe bado liko safarini, hata kama kipande cha mwisho ni maili 20. Basi kijana anayebeba makontena kutoka bandari ya Los Angeles hadi ghala lililo California hiyo hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa yumo katika biashara ya baina ya majimbo, ingawa gari lake halijavuka mpaka.

Kwa upande mwingine, mwenye lori aliyelikodisha kwa kampuni kubwa na kuendesha chini ya namba ya USDOT ya kampuni hiyo hadaiwi UCR kwa kazi hiyo. Ni juu ya kampuni. Akianza kutumia namba yake mwenyewe, hapo deni ni lake.

Ada hufuata idadi ya magari, na trela hazihesabiwi. Mwaka 2025 mwenye magari 2 au chini ya hapo alilipa dola 46. Wa 3 hadi 5, dola 138. Wa 6 hadi 20, dola 276. Wenye zaidi ya 1,000 walitakiwa dola 44,836, lakini hao sidhani kama wanachangiwa na mama zao. Ada hubadilika, mwaka 2024 hiyo ya chini ilikuwa dola 37. Dirisha la mwaka unaofuata hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, mwisho wa kulipa ni 31 Disemba, na kuanzia Januari Mosi askari wana ruhusa ya kukamata. Faini hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Mpwa wangu aliye Ohio aliletewa barua yenye picha ya tai na maneno makali ya "onyo la mwisho", ikimtaka alipe karibu dola 200 kwa UCR ya lori moja. Ilitoka kwa wakala binafsi. Si kila wakala ni mwizi; wapo wanaofanya kazi ya halali na kutoza ada yao. Lakini mtu anayejua kusoma hana haja ya kulipa mara nne kwa fomu ya dakika chache. Tovuti rasmi ni ucr.gov, na hizo herufi za mwisho ndizo za kutazama.

Barua hizo hufaulu kwa sababu karatasi za lori ni nyingi na zinafanana majina. Taarifa za namba ya USDOT huhuishwa kila baada ya miaka 2, tena bure. Mwezi hufuata tarakimu ya mwisho ya namba, 1 ikiwa Januari na 0 ikiwa Oktoba. Kodi ya magari mazito, fomu 2290, ni ya lori la pauni 55,000 na zaidi. Mwaka wake huanza Julai, na aliyekuwa barabarani mwezi huo hulipa kabla Agosti kwisha, isiyozidi dola 550. Asiyeonyesha risiti yake hapati namba za gari. Leseni ya kodi ya mafuta hutolewa kila mwaka, na hesabu zake hupelekwa kila miezi 3. Halafu kuna rejista ya vipimo vya ulevi na mihadarati, iliyoanza Januari 2020: mwajiri hutazama jina la kila dereva walau mara moja kwa mwaka, na mwenye lori moja anayejiendesha mwenyewe hutazama lake.

Kwa hivyo mzee ukipigiwa simu Disemba kuambiwa zinatakiwa dola 500 za UCR, muulize kwanza ana magari mangapi. Kwa lori moja hesabu hiyo haifiki. Huenda anazo karatasi nyingine alizozijumlisha humo, nazo ni za haki, basi akutajie moja moja. Akishalipa, risiti ya UCR huandikwa mwaka inaouhusu. Iliyolipwa Novemba 2025 kwa ajili ya mwaka 2026 haimlindi na faini ya 2025 ikiwa huo aliuruka.