Tawi la Manongarivo

Katika elimu ya mimea jina halisimami peke yake. Kila spishi iliyopewa jina la kitaalamu imefungwa na kielelezo kimoja: tawi lililokatwa, likashindiliwa baina ya karatasi, likakaushwa, kisha likawekwa katika ghala la mimea mikavu pamoja na maandishi ya mahali na mwaka lilipopatikana. Kielelezo hicho ndicho shahidi wa jina. Wataalamu wakikhitilafiana hurejea kwake. Na jina likihamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine, shahidi hubaki yule yule. Aghalabu shahidi huyo ana ndugu wengi walio hai msituni, na mwenye shaka aweza kwenda kuwatazama. Lakini uko mti mmoja wa Bukini, kisiwa ambacho leo chaitwa Madagaska, ambao kwa muda wa miaka 85 haukuwa na shahidi mwingine mbele ya wataalamu ila mmea mkavu uliokusanywa mara moja tu. Habari za mti huo zaonyesha jinsi jina na kitu vinavyoweza kuachana, na hasara ipatikanayo vikiachana.

Mwaka 1909 Mfaransa Henri Perrier de la Bâthie alikuwa akikusanya mimea katika milima ya Manongarivo, kaskazini-magharibi ya Bukini. Bwana huyu alikuwa amefika kisiwani mwaka 1896, na katika maisha yake hapana mtu aliyekuwa akiijua mimea ya nchi hiyo kumpita yeye. Katika msitu wa mvua wa mlimani alikata tawi la mti mdogo wenye majani mazima yasiyo na meno pembeni, yaliyosongamana kwenye ncha za vitawi. Mmea huo ulipelekwa Paris, ukawekwa pamoja na maelfu ya mimea mingine iliyotoka makoloni. Perrier alifariki mwaka 1958 bila ya mti wake kupata jina.

Aliyelipa tawi hilo jina ni René Capuron, mtaalamu wa misitu aliyefanya kazi yake katika Bukini. Mwaka 1963 alitangaza ya kuwa mti ule ni wa jamii ya Winteraceae, akauita *Bubbia perrieri*, kwa heshima ya yule aliyeukusanya. Tangazo hilo liliwastaajabisha wengi. Winteraceae ni miti na vichaka vya Guinea Mpya, Australia, Kaledonia Mpya na Amerika ya Kusini. Jina la jamii latokana na nahodha John Winter, aliyerudi Uingereza mwaka 1579 na gome kali la mti wa kusini ya Amerika, ambalo mabaharia wake walilitumia kujitibu kiseyeye. Katika bara lote la Afrika hapana hata mti mmoja wa jamii hiyo ulio hai. Sasa tawi moja la Bukini lilikuwa likidai ujamaa na miti iliyo ng'ambo ya Bahari ya Hindi na ng'ambo ya Atlantiki.

Hata hivyo *Bubbia* haikuwa nyumba ya kufaa. Katika miti mingine ya Winteraceae, sehemu za kike za ua, ziitwazo kapeli, kila moja huwa na chumba chake cha mbegu, hata pale zinaposhikamana. Jean-François Leroy, alipochunguza kielelezo kile, aliona jambo lisilokuwamo katika jamii nzima: kapeli mbili zilikuwa zimeungana na kufanya chumba kimoja tu. Margarita Baranova wa Urusi naye aliichunguza ngozi ya majani kwa darubini, akaupima umbo na mpango wa vitundu vya kupitishia hewa. Mwaka 1978 wawili hao waliutoa mti katika *Bubbia*, wakaunda jenasi mpya, *Takhtajania*, kwa heshima ya Armen Takhtajan, bingwa wa Armenia wa uainishaji wa mimea. Neno la pili la jina halikubadilika, kwa kuwa kanuni yataka hivyo. Basi mti ukawa *Takhtajania perrieri*. Yafaa kuangalia ya kuwa bingwa huyo alizaliwa mwaka 1910, mwaka mmoja baada ya tawi kukatwa.

Hivyo jina likawa limekamilika, na hoja zake ni thabiti. Lakini mti wenyewe hapana aliyekuwa akiuona. Waliokwenda kuutafuta Manongarivo walirudi mikono mitupu. Tena katika miaka hiyo misitu ya Bukini ilikuwa ikipungua mbele ya shoka na moto, hasa kwa kilimo cha kukata na kuchoma ambacho wenyeji hukiita *tavy*. Watu wengi waliamini ya kuwa *Takhtajania* imekwisha toweka, na ya kwamba elimu ilikuwa imeipa jina maiti. Capuron mwenyewe alifariki mwaka 1971, naye hakuuona mti ule ukiwa hai.

Mwezi Mei 1994, Fanja Rasoavimbahoaka, mkusanyaji wa mimea aliye mwenyeji wa Bukini, alikuwa akifanya kazi katika hifadhi ya Anjanaharibe-Sud, kiasi cha kilomita 150 upande wa mashariki ya Manongarivo. Alikata tawi la mti mdogo, akalikausha kama ilivyo desturi, akaandika mahali lilipotoka. Tawi likaingia katika mafungu pamoja na mengine, likangojea. Ilikuwa mwaka 1997 George Schatz, wa Bustani ya Mimea ya Missouri, alipofunua fungu lile na kutambua kile alichokuwa akikitazama. Safari ya pili ikafanywa mwaka ule ule, na miti ya *Takhtajania* ikakutwa ingali inasimama kwa wingi katika msitu ule. Habari hizo zilitangazwa kwa ulimwengu wa elimu mwaka 1998.

Mti hai ulifundisha mengi ambayo tawi kavu halikuweza kuyasema. Uchunguzi wa chembe za urithi, uliotangazwa mwaka 2000, ulionyesha ya kuwa *Takhtajania* ilitengana na nduguze wa Winteraceae kabla wao kwa wao hawajatengana. Kadhalika ilithibitika ya kuwa jamii iliyo jirani kabisa na Winteraceae ni Canellaceae. Na hapo habari hii yaingia Afrika ya Mashariki, kwa kuwa katika Canellaceae umo *Warburgia*, mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, na ambao gome lake kali hutafunwa kwa maumivu ya meno na kwa kikohozi. Ukali ule uliomvuta nahodha Winter katika Amerika na ukali wa muthiga katika misitu ya Kenya ni sifa ya koo mbili zilizo karibu.

Ujirani huo ulitikisa pia rai moja ya zamani. Mbao za Winteraceae hazina ile mirija mipana ipandishayo maji katika miti mingi itoayo maua. Maji hupita katika chembe nyembamba zilizofungika ncha, kama katika misonobari. Kwa muda mrefu jambo hilo lilihesabiwa kuwa alama ya ukale, kana kwamba miti hiyo ilibaki nyuma wakati mingine ilipoendelea. Lakini Canellaceae wanayo mirija. Kwa hiyo wapo wataalamu wanaoona ya kuwa wazee wa Winteraceae walikuwa nayo, kisha wakaipoteza, huenda kwa sababu mirija mipana hudhurika upesi maji yanapoganda kwa baridi. Basi kinachoonekana kuwa cha kale chaweza kuwa kimebadilika sana. Na mwenye kuainisha hana budi kuuliza ujamaa kwanza, asidanganywe na sura.

Ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Chavua ya Winteraceae hutambulikana kwa wepesi, kwa kuwa chembe zake hutoka nne nne zilizoshikamana. Chavua ya namna hiyo imepatikana katika miamba ya kale sana ya Gabon na ya Israeli, iliyofanyika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na tena katika udongo wa Rasi, Afrika ya Kusini, ulio wa nyakati za karibu zaidi. Kwa hiyo jamii hii ilikuwapo Afrika, ikafa bara, ikabakia katika Bukini peke yake. Mti wa Manongarivo, uliodhaniwa kuwa mgeni kutoka ng'ambo, ni masalio ya ukoo uliokuwa na makao upande huu tangu zama za mbali.

Ukiyapanga sasa mambo haya kwa miaka yake, waona vipindi vitatu. Tangu 1909 hata 1963, miaka 54, kielelezo kilikuwapo bila ya jina. Tangu 1963 hata 1994, miaka 31, jina lilikuwapo bila ya mti hai mbele ya macho. Na tangu 1994 hata 1997, jina lilikuwapo, na tawi jipya likawapo, lakini viwili hivyo vilikuwa havijakutana. Katika kila kipindi kilichokosekana ni mtu: kwanza wa kusoma kilichokusanywa, kisha wa kwenda mahali ambapo hapana aliyepata kutazama, na mwisho wa kufunua fungu lililokwisha fungwa. Msitu haukuficha kitu. Miti ya Anjanaharibe-Sud ilikuwa ikichanua wakati ule ule ilipohesabiwa kuwa imekwisha.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo kwa nchi za misitu ya mvua, na Usambara na Uluguru zimo miongoni mwake. Hukumu ya kwamba mti fulani umetoweka mara nyingi ni hukumu juu ya watafutaji kuliko juu ya mti. Lakini shoka halingojei hukumu irekebishwe. Kama Anjanaharibe-Sud ingalifyekwa kabla ya Mei 1994, *Takhtajania* ingalibaki karatasi katika ghala la Paris, na ujamaa wake ungalibishaniwa bila ya mwisho. Iliokolewa na mambo mawili: msitu uliokuwa bado umesimama, na mwenyeji aliyekata tawi na kuliandika sawasawa, kabla hajajua ni tawi la nini.