Kanuni au Mwamuzi? Mchezo wa Vita wa Prusia na Uzao Wake

Mnamo mwaka 1824 luteni mmoja wa mizinga katika jeshi la Prusia, Georg von Reisswitz, alitoa kitabu cha kanuni za mchezo wa vita uchezwao juu ya ramani. Baba yake alikwisha kumtengenezea mfalme meza ya mchezo wa namna hiyo mwaka 1812. Katika mchezo wa mwana, pande mbili zilimwandikia mwamuzi amri zao. Naye alivisogeza vipande vya askari, akarusha dadu na kukadiria hasara kwa majedwali. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika 2 za vita. (Twasema mwamuzi, kwa kuwa refa tumekwisha kumwachia kandanda.)

Majedwali yalizidi kuongezeka, na maafisa wakachoka kuyapekua. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyekuwa ameshiriki vita vya 1870 na Ufaransa, aliyatupilia mbali pamoja na dadu: aliyeviona vita na aamue mwenyewe. Hoja hiyo ina nguvu, maana hakuna jedwali lijualo kila kichaka na kila hofu ya askari. Lakini twauliza: mwamuzi akiwa ndiye mkubwa wako wa kazi, nani atathubutu kumpinga? Dadu, ijapokuwa haina akili, haimwogopi jenerali wala haimpendelei.

Mgogoro huo ulivuka bahari. Huko Minnesota, Marekani, kijana aitwaye David Wesely alikipata kitabu cha Charles Totten cha mwaka 1880, kilichompa mwamuzi mamlaka makubwa. Mwaka 1969 akaendesha mchezo ambamo kila mtu alikuwa mhusika mmoja, mwenye haja zake. Kutokana na jaribio hilo Dave Arneson, kisha yeye pamoja na Gary Gygax, walifikia Dungeons & Dragons ya mwaka 1974: vijitabu 3 vyenye mapengo mengi, ambayo mwamuzi, sasa msimulizi wa hadithi, aliyaziba kwa busara yake.

Kila kundi likaziba kivyake. Gygax akataka watu wa miji mbalimbali wacheze mchezo ule ule, akatoa mwaka 1979 kitabu kinene cha waamuzi, kimejaa majedwali kama ya Reisswitz. Hata hivyo humo humo alimruhusu msimulizi kuipuuza dadu apendapo. Na kwa kuwa dadu nyingine zilirushwa nyuma ya kiambaza cha karatasi ngumu, mchezaji hakuwa na njia ya kujua.